Kwa Kabula, Kuhusu Kile Nilichokitupa Chooni

Mke mwenzangu Kabula,

Ninayesema ni mimi bibi yako. Anayeandika ni mwalimu jirani, na nimemwambia asinilainishie neno.

Sikai, mjukuu wangu. Nashika jembe, naliacha. Nawasha moto, nasahau nilitaka kupika nini. Tangu uondoke na kinyongo ndivyo nilivyo.

Unakumbuka ulivyokuwa mdogo? Masikio hayakukupa kitu, basi nikisema unaniwekea kiganja kooni. "Toa mkono, utaninyonga!" Nawe unacheka, unabana zaidi, maana nikifoka ndipo koo linatetemeka vizuri. Hata karasha za wachimbaji zikianza kusaga mawe, ulijua kwa nyayo kabla yangu.

Likizo ile ukarudi kutoka shule na kidude cheusi umekivaa mkononi. Ulikuwa unaanika michembe ya viazi, umenipa mgongo. Nikaita, "Kabula!" Ukageuka.

Miaka kumi na tano nakuita hugeuki, leo umegeuka! Badala ya kupiga vigelegele nikaogopa. Unawajua wachimbaji wa hapa, wanafunga hirizi mkononi za kuvuta dhahabu, na wengine za kuvuta wasichana. Nikasema, huyu mtoto kafungwa. Ulipokivua ukaenda kuoga, nikakichukua nikakitupa chooni.

Ulipotoka ukanionyesha mkono mtupu. Nikakuonyesha choo. Ule uso wako sijaumaliza mpaka leo.

Baba yako ndiye aliyenisomea karatasi uliyoniachia: "Kile kinageuza maneno kuwa mtetemo. Nilikuwa najifunza sauti yako, Bibi." Nikamgeukia, "Mbona hamkuniambia?" Akasema, "Mama, ungeuliza kwanza." Kweli. Mdomo ninao, siku hiyo sikuutumia.

Nasikia shule imekupa kingine. Wabeja, namshukuru Mungu. Lakini likizo mbili sasa unaishia kwa shangazi yako, mtaa wa Kambarage huko Shinyanga, kana kwamba huku Geita huna mtu.

Msamaha siuombi kwenye karatasi, nitakuwa nimekuogopa mara ya pili. Jumamosi napanda basi, nakuja Shinyanga. Nitukane kwa mikono yote miwili, shangazi yako atanitafsiria, na asinionee huruma. Ukimaliza, tutakula. Usipomaliza siku hiyo, nimefunga nguo za kubadilisha.

Mimi bibi yako, mzaa baba.