Picha ya Lucius Ukutani

Mwanangu Lucius,

Nina miaka themanini na sita. Nimezika wake wawili na wakuu sita wa chuo ulichosoma. Alabama nzima hakuna mpishi aliyenishinda.

Jumamosi, wahitimu waliporudi, nilivaa suti nikaja kuona picha yako ikitundikwa kwenye ukuta wa watu mashuhuri. Ukasema kwenye kipaza sauti, "Mimi nililelewa na njaa." Verlene, niliyepika naye jikoni, akanigonga kwa kiwiko: "Ezell, kumbe ndiwe Njaa!"

Miaka minne ulikula sahani yangu kwenye mlango wa nyuma wa jiko la chuo, mimi nikala ukoko. Rudi ukaseme ukweli kabla sijafa. Ukinikana tena, shahidi ni Verlene. Ndiye aliyekupakulia, na kila siku ulimwomba akuongezee.

Baba yako mdogo,
Ezell