Nyama ya Jana Chini ya Balbu ya Zamani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, maana nikianza kulieleza jambo hili linaonekana ni la balbu tu, kumbe limeninyima raha ndani ya nyumba. Mume wangu ana bucha, mimi ndiye ninayepokea pesa, na tangu serikali itangaze kwamba maduka yote yafunge balbu zinazobana umeme na zile za kizamani zenye mwanga wa manjano zisiuzwe tena, mwenzangu amegeuka mwanasiasa. Anahutubia wateja huku anakata mifupa, "Leo wamekuja kwenye dari langu, kesho watanichagulia mto wa kulalia!" na watu wanampigia makofi, mpaka mtaani wamembatiza Mtetezi, na kusema kweli mengine anayoyasema ni ya haki, kwa sababu balbu mpya ni ghali na za bandia zimejaa, mama mkwe alifunga moja ikazima hata wiki haijaisha. Lakini mshauri, mimi naishi naye na sababu yake hasa naijua. Chini ya ile balbu ya zamani nyama ya jana inang'aa nyekundu kama imechinjwa alfajiri, na chini ya hizi mpya nyeupe inaonekana jinsi ilivyo, imepauka na pembeni imeanza kuwa nyeusi. Nilikuwa najiambia biashara ndivyo zilivyo, ila wiki iliyopita jirani yetu, mwalimu wa chekechea, na ana mimba kubwa, alinunua nusu kilo, akatoka nayo juani, akarudi akisema, "Shemeji, hii mbona kama imelala?" Mume wangu hakugombana, alimsogeza taratibu chini ya balbu akamwambia, "Hebu itazame tena, shemeji," naye akaitazama, akaona haya, akaomba samahani mbele ya watu, akaondoka nayo. Hakuumwa, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo nikimwona napita njia nyingine. Sasa Jumamosi wafanyabiashara tunakutana na ofisa wa nishati, na mume wangu anataka nisimame niseme balbu mpya zinatuharibia biashara, eti mimi watu wananiamini. Nikikataa ataniona msaliti, nikikubali sijui huyo mwalimu nitamtazama kwa macho gani. Nifanyeje?

Mke wa Mtetezi

Mke wa Mtetezi, pole. Kukaa na mume anayepigiwa makofi kwa neno ambalo wewe unaujua undani wake si kazi nyepesi. Sasa tulia nikuseme kidogo. Barua nzima ni mume wangu hivi, mume wangu vile. Wahenga walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na hapo buchani mkono wa pili ni wako.

Serikali tuiweke kando. Bei na balbu za bandia ni malalamiko ya kweli, na mumeo ana haki ya kuyasema hadi koo limkauke. Hata hapa ninapokuandikia, balbu mpya ya ofisini inapepesa mpaka kichwa kinaniuma. Lakini nenda duka lolote la vifaa vya umeme, utakuta zinazobana umeme na bado zinatoa mwanga wa manjano. Siku Mtetezi wako akizigundua, atanyamaza, sheria ataipenda, na nyama ya jana itabaki nyekundu vilevile. Kwa hiyo usimsubiri ofisa wa nishati akusaidie.

Jumamosi usisimame. Mwambie leo, mkiwa wawili, kwa sauti yako ya kawaida: "Baba watoto, ya bei niko na wewe, ya nyama siwezi." Atanuna, mwache anune, kununa hakujaua mume wa mtu. Nyama ya leo itundikwe karibu na mlango, mteja aione kwa mwanga wa jua. Iliyolala ikiwa bado nzima ikae peke yake na iuzwe kwa bei yake, isiyofaa itupwe hata kama roho inauma. Akikataa, ondoka kwenye kiti cha pesa, atafute mwingine wa kuaminiwa na watu.

Na kabla ya mkutano nenda kwa mwalimu. Usibebe nyama ya bure, ataidhani zawadi. Mwambie kwamba siku ile macho yake yaliona sawasawa, na aliyeomba samahani hakuwa na kosa. Kisha samahani hiyo iombe wewe.