Nane za Wangila

Jumanne, 4 Novemba 2025

Nasike, huna haya! Nimekulisha, nimekununulia kalamu na rula mpya, halafu unaenda kwa mtihani wa kidato cha nne unafanya maswali matano na kuacha matatu wazi. Matatu! Kama shamba umechoka kulipalilia. Nimemwambia hivyo machoni, na naandika hapa nisije nikalainika kesho.

Nimejua kwa simu. Binti yangu Viola alipiga jioni kutoka Kitale, sauti imejaa majivuno. Kijana wake Wangila na huyu mjukuu wangu Nasike wamefanya pepa moja leo, hesabu ya kwanza — yeye huko, huyu hapa Bungoma. Ati watoto walinganishe majibu. Akaweka simu yake kwa spika, nami yangu. Viola hupenda watu wasikie.

Sehemu ya pili ilikuwa na maswali nane. Wangila amefanya yote nane! Nasike akasema yeye tano. Viola akacheka: Mama, huyo mtoto unamfuga tu. Wangila amechinjiwa kuku na amepewa firigisi. Firigisi ya mwenye nyumba! Tangu baba yake afariki hakuna aliyeila pale.

Niliaibika mimi. Nasike alimuuliza mwenzake jambo moja tu, namba kumi na tatu umepata ngapi? Wangila akasema hiyo sikufika, saa iliisha. Nasike akanirudishia simu akaenda kuosha sufuria. Hakujitetea hata kidogo. Mvivu ana la kujitetea? Chai yake imekuwa ya rangi. Maziwa ni ya waliofanya kazi.

Jumatano, 5 Novemba

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Wasichana walikuja baada ya shule, Joan wa jirani na wenzake, wakakaa jikoni kwangu. Ati wanafanya postmortem ya hesabu. Nikauliza nani amekufa. Wakacheka. Kumbe ni majibu. Mmoja anasema thelathini na sita, Joan anapiga kelele zii, ni sitini na tatu! Umegeuza bana! Huyu ameshika kichwa, yule anaruka. Kwa karatasi ambayo wasimamizi wameshaibeba!

Nikatia neno langu. Nikasema angalau nyinyi mna majibu ya kupigania, huyu wangu alifanya tano tu.

Joan akanigeukia.

"Kukhu," Joan akasema, maana mimi ni bibi wa wote hapa, "si hata mimi nilifanya tano. Sisi wote tano. Pepa inasema uchague tano."

Inasema wapi?

"Hapo juu kabisa."

Nikamtazama Nasike. Anatazama moto.

Wakanieleza polepole, maana mimi niliacha shule darasa la tatu. Sehemu ya kwanza ni lazima yote, ni nusu ya alama. Ya pili unachagua tano. Zile tatu za ziada hakuna anayekupa kitu. Wangila amekimbilia nane, na za lazima ameziacha njiani. Namba kumi na tatu mpaka kumi na sita — hakuzigusa!

Nikamgeukia Nasike. Ulijua jana?

Alijua.

Mbona ulinyamaza nikikutukana?

"Kukhu, simu ilikuwa kwa spika. Wangila angesikia mbele ya watu. Na Ijumaa kuna pepa ya pili."

Basi si ungeniambia mimi!

"Ungepiga simu hapo hapo."

Ni kweli ningepiga. Hilo ndilo limeniudhi kuliko yote.

Nimemkaangia mayai. Akala yote. Chai ilikuwa na maziwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Viola hasikii! Nimempigia asubuhi nikamwambia mtoto atarudia kosa kesho, mwambie ni tano. Akasema Mama, huo ni wivu, Nasike amefeli na sasa anataka kumvuruga Wangila wangu. Akakata. Mimi niliyemzaa, akanikatia simu!

Basi nimekuja Kitale mwenyewe. Nasike atalala kwa kina Joan. Nimefika nikakuta mahindi yameanikwa kwenye turubai mpaka mlangoni. Nimepita juu yake na viatu. Makusudi.

Wangila aliruka kunipokea. "Kukhu! Niaje!" Niaje gani, mimi ni rika lako? Nikakaa, nikamwambia mbele ya mama yake, kwa upole — upole ninaoujua mimi. Tano, si nane.

Viola akaanza, Mama tafadhali. Kijana akamnyamazisha.

"Mathe, inasema tano. Niliona. Mwalimu wa tuisheni alisema tufanye zote, ati anayesahihisha atachagua zile poa."

Mwalimu huyo nikimpata!

Halafu Wangila akaniuliza kama Nasike alimaliza sehemu ya kwanza. Nikasema alimaliza. Akafunga kitabu. Akaingia chumbani akapiga komeo.

Sasa makosa ni yangu. Viola anasema nimemvunja mtoto moyo kabla ya pepa, ningengoja Jumamosi. Jumamosi! Akishafanya nane tena! Nimemwambia angesikiliza simu badala ya kupiga kelele ndani yake, mimi ningekuwa kwangu. Ugali umepoa mezani. Hakuna aliyeugusa, hata mimi.

Ijumaa, 7 Novemba

Kumekucha. Pepa ni saa mbili. Hajafungua.

Ati haendi. Ati ameshafeli, pepa ya pili ni ya nini. Viola analia jikoni. Nimemwambia alie akipasha maji ya kuoga.

Nimeweka kiti mlangoni. Naandika hapa hapa. Kalamu haina sauti, basi nakohoa ajue nipo.

Nasike amepiga kwa simu ya mama Joan, anaelekea shule. Nikasukuma simu chini ya mlango, iko kwa spika. Nilisikia yote.

"Wangila, usiponipigia jioni nitalinganisha majibu na nani? Joan anageuza namba zote."

Ndani kulikuwa na kitu kama kicheko. Au kilio. Masikio yangu si ya zamani. Komeo halikusogea.

Sasa nimesimama, nimepiga mlango kwa kofi, na ninayomwambia ni haya: Wangila! Mwaka wa tohara ulisimama na matope mwilini, kisu kinakuja, watu wote wa Sirisia wanatazama, na hukupepesa jicho. Leo unajificha kwa sababu ya karatasi? Firigisi ya baba yako umeila, hairudi kwa kuku. Fungua. Oga. Vaa sare. Maliza sehemu ya kwanza yote, ndipo uchague tano — na ya sita usiiguse hata ikikuita kwa jina!