Nilimsomea Kishiwa Barua kwa Uzoefu

Mpendwa Mama Magreti,

Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba uisome barua hii hadi mwisho ndipo ukasirike, maana mimi nikikatizwa katikati huwa napoteza mpangilio.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, naishi Kidete, wilaya ya Kilosa, nalima vitunguu, lakini hapa kijijini hakuna anayeniita mkulima, wote wananiita Karani, kwa sababu miaka kumi na saba nilikuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge kule upande wa Kimamba mpaka shamba lilipouzwa na sisi tukapunguzwa, na nilipohamia huku na miwani yangu na sanduku la karatasi watu wakajua amekuja msomi, basi ikawa mtu akipata barua ya Kiingereza, au maelezo ya dawa, au tangazo, analeta kwangu nami namsomea, silipwi kitu, labda kikombe cha maziwa, na shikamoo hata kutoka kwa watu walionizidi umri kidogo, jambo ambalo si sawa lakini nilikuwa naitikia marahaba.

Mama, ukweli ni kwamba Kiingereza changu ni cha darasa la saba na cha stoo. Sikukusudia kumdanganya mtu, nilikuwa na njia yangu ya kazi. Naangalia juu nijue barua imetoka wapi, naangalia tarakimu, naangalia maneno ninayoyafahamu, kama ndoo, shuka, jembe, sabuni, na yaliyobaki nayaunganisha kwa uzoefu. Uzoefu huo niliupata miaka ile ya shida, sukari ikiwa ya mgao, ambapo barua zote zilizopita mezani kwetu, ziwe za makao makuu, za hospitali au za shule, zilikuwa na orodha, na orodha ilikuwa ya vitu ambavyo havipo.

Mwezi wa Aprili akaja Mzee Maduhu, mfugaji aliyehamia hapa na familia yake kutoka Maswa, wanakaa ng'ambo ya mto Mkondoa, akiwa na binti yake Kishiwa wa miaka kumi na minane, aliyemaliza darasa la saba akawa anasaidia kwenye zahanati, na alikuwa ameomba kwenda chuo cha masista kusomea usaidizi wa wauguzi. Jibu lilikuja kwa Kiingereza kwa sababu Sista mkuu ni mgeni, bado hajajifunza lugha yetu. Nikavaa miwani. Nikaona mashuka mawili, ndoo moja, fyekeo moja, jembe moja, chandarua kimoja. Nikatafakari kwa muda wa kutosha, nikawaambia, "Mzee, chuo kinasikitika. Hakina mashuka, hakina ndoo, hakina fyekeo wala jembe, hata chandarua. Mwaka huu hakipokei wanafunzi."

Kishiwa akasema, "Samahani, Baba Karani, mbona hapa kuna tarehe moja Julai, na jina langu limetajwa mara tatu?"

Nikamwambia, "Mwanangu, ofisi ikikataa mtu lazima imtaje vizuri, isije ikakataa mwingine."

Baba yake akamwambia anyamaze, asimsumbue mtu mzima anayesoma. Yeye Maduhu kilichomuumiza ni hali ya masista. "Watumishi wa Mungu wamefikia kukosa hata ndoo!" akasema, na wiki iliyofuata akaenda Kilosa akawanunulia mashuka mawili, ndoo, fyekeo, jembe na chandarua, vipo nyumbani kwake vinasubiri mtu wa kuvipeleka kama msaada. Aliporudi aliniuliza, "Karani, madukani vitu vimejaa mpaka barazani, hao masista wanakosaje?" Nikamjibu vinaisha haraka. Barua akaniachia mimi niitunze, kwake ndama wangeila.

Na kwa kuwa chuo kimekataa, amepokea posa ya Kishiwa kutoka kwa familia moja ya Kisanga, na wazee wao wanakuja na ng'ombe Jumamosi ya tarehe 13 Julai. Kishiwa ananiamkia kama kawaida, ila siku hizi ananiamkia huku anaangalia pembeni.

Sasa kilichonifikisha kwako ni mtihani. Kambi mpya ya watalii kule Mikumi inataka karani wa stoo mwenye cheti cha kidato cha nne, nami cheti sina, hivyo nimejiandikisha kufanya QT, ule mtihani wa watu wazima wanaotaka kuelekea kidato cha nne, na kila Jumanne na Alhamisi saa kumi tunasoma kwa Mwalimu Imelda katika madarasa ya shule ya msingi. Masomo mengine najitahidi, shida ni ufahamu wa Kiingereza, unapewa habari fupi unaisoma kisha unajibu maswali. Tulipewa habari ya mtu aliyeenda hospitali, tukaulizwa kwa nini alirudi nyumbani mapema, nikaandika kwamba dawa zilikuwa zimekwisha, kumbe mtu alikuwa amepona. Nikapata mbili kwa kumi. Mwalimu akaniandikia kwa kalamu nyekundu, "Umejibu unayoyajua wewe, si yaliyoandikwa hapa." Nilidhani ananionea, maana hospitali mimi nazijua.

Alhamisi ya wiki iliyopita, tarehe 13, akatuagiza kila mtu aje Jumanne na karatasi yoyote ya Kiingereza kutoka nyumbani tufanyie mazoezi. Mimi nikachukua ile barua ya chuo, kwa kuwa hiyo nilikuwa naijua tayari. Sehemu ya juu yenye anwani na jina la baba niliikunja, ni mazoea ya kazini ya kutunza siri. Mwalimu akainakili ubaoni, akauliza maswali manne, nani anaandika, anamwandikia nani, anataka nini, na mwisho lini. Doris fundi cherehani, ambaye tumeanza naye darasa siku moja, akasimama akajibu bila kukohoa, "Sista anamwandikia Kishiwa. Amemkubali chuoni. Anataka afike tarehe moja Julai na vitu hivi vilivyoandikwa, na asipofika mpaka tarehe 15 nafasi yake anapewa mwingine." Mwalimu akampa nne kwa nne. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba chuo kinaomba msaada wa vifaa, nikapata moja, ya nani anaandika.

Mwalimu akafurahi akaniuliza huyo Kishiwa ni nani, ana bahati gani. Nikasema karatasi niliiokota kwenye treni.

Mama Magreti, tangu siku hiyo napiga hesabu. Nikisema ukweli, Mzee Maduhu ataaibika mbele ya wakwe, mimi nitakuwa kichekesho cha kijiji, Mwalimu atajua mimi ni mwongo, na Mikumi nitaenda na sura gani? Nikinyamaza, binti anaolewa na mimi ndiye niliyemwoza. Nimefikiria niandike barua nyingine ya Kiingereza kana kwamba imetoka chuoni, nimpelekee Maduhu nimsomee kwamba masista wamepata ndoo na wamebadili mawazo. Je, hiyo si njia ya busara ya kuokoa pande zote?

Mimi mwenye mashaka,
Karani,
Kidete, 21 Juni


Mama Magreti anajibu:

Karani, barua yako imenifikia tarehe 2 Julai. Nimeisoma hadi mwisho kama ulivyotaka, ndipo nikakasirika.

Nianze na pole, maana unayo haki ya pole kidogo. Mtu wa miaka arobaini na sita kukubali kukaa kwenye dawati la watoto na kupewa mbili kwa kumi na kurudi tena Jumanne, hilo si jambo dogo, na wengi wenye vyeo kukuzidi hawaliwezi. Miaka ile ya shida pia naijua, nami nilipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri nikaondoka na mikono mitupu. Lakini miaka ile imekwisha, bwana. Mzee Maduhu alikuja akakuambia vitu vimejaa mpaka barazani. Binti yake alikuonyesha tarehe kwa kidole. Hao wawili ndio waliokuwa wanaisoma ile barua. Wewe ulikuwa unakumbuka.

Hiyo barua ya kughushi iondoe kichwani leo hii. Umeshindwa kusoma ya watu, sasa unataka kuandika ya kwako? Halafu ataisoma nani, wewe tena?

Umenijazia kurasa nne. Umenieleza aibu ya Maduhu, aibu yako, furaha ya Mwalimu, kazi ya Mikumi. Kishiwa, ambaye maisha yake ndiyo yanayoondoka na ng'ombe Jumamosi, umempa sentensi moja, na hiyo moja ukamnyamazisha nayo. Je, umewahi kumuuliza kama anataka kuolewa Kisanga? Hukuuliza. Unaogopa kuchekwa mwezi mmoja, yeye unampa kazi ya kunyamaza maisha yake yote. Mimi hilo limeniuma, na nakuambia wazi kwamba limeniuma.

Sasa sikiliza. Mchukue Mwalimu Imelda, umweleze njiani kwamba karatasi hukuiokota, mvuke mto pamoja. Usitume mzee akusemee, na usianze na habari za shamba la mkonge. Mwamkie Mzee Maduhu, sema, "Nilisoma vibaya, binti alikubaliwa," kisha funga mdomo. Barua mpe Kishiwa mkononi, ikiwa imekunjuliwa yote, aisome yeye mbele ya baba yake, hata kama ni neno kwa neno, Mwalimu akimsaidia, na wewe usimsaidie. Vifaa vimeshanunuliwa, kwa hiyo hapo pia hamna kisingizio. Wazee wa Kisanga wapelekewe habari kabla hawajatoa ng'ombe zizini. Kama posa ni ya kusubiri au ya kuvunjika, hilo Kishiwa analo la kusema, na safari hii asikatizwe. Kisha mpande treni, umfikishe mpaka kwa Sista, na kama Sista atauliza kwa nini amechelewa, ujibu wewe.

Ukirudi, pita kwa kila mtu uliyewahi kumsomea. Anza na wale wa maelezo ya dawa, usingoje waugue. Darasani endelea kwenda. Ukikaa karibu na Doris utafaulu, na stoo ya Mikumi inahitaji mtu anayeandika kilichopo tu.

Na jambo moja la utaratibu wetu hapa gazetini. Jina lako la ubatizo nimeliondoa, kama tunavyofanya kwa kila anayetuandikia. Mengine yote nimeyaacha yalivyo: jina la Kishiwa, la baba yake, kijiji, na tarehe 15. Gazeti hili linashuka Kidete na treni ya Jumatano, na limeandikwa kwa Kiswahili. Vuka mto kabla Kishiwa hajalisoma mwenyewe.