Wadhamini Wawili wa Duka la Risasi

Alhamisi jioni, Mikumi. Mvua imeninyeshea tangu Kilosa, sketi yangu ya ofisini imeloa mpaka magotini na sijabadilisha. Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka langu la pembejeo, mlango nimeufunga nusu, naandika kwenye simu haraka haraka kabla mume wangu hajarudi na kuniuliza, "Vipi, wamekupa?"

Hawajanipa. Hawajaninyima pia.

Kwa anayeingia kwenye ukurasa wangu huu kwa mara ya kwanza: naomba leseni ya kuuza silaha na risasi. Ndiyo, mimi, mwanamke wa mbegu za mahindi na dawa za panya. Ukitaka kucheka cheka, wewe si wa kwanza. Lakini hapa kwetu wanyama hawasomi mabango ya mipaka ya hifadhi. Wapo watu wana shotigani zao, zina karatasi zote, na risasi wanazifuata Morogoro. Mtu anakuja kununua mbegu kwa mara ya pili msimu mmoja, anakwambia nguruwe pori wamefukua shamba lote usiku, na bunduki ipo ndani imesimama kama mchi. Nimesikia habari hiyo mpaka nikachoka. Marehemu baba alikuwa na shotigani ya halali, na tangu nina miaka saba kazi ya kuifuta mafuta ilikuwa yangu. Chuma hakinitishi. Nikajiambia, kwani kuna nini, niombe mimi.

Jamani, kuomba! Barua ya kitongoji, muhtasari wa kikao cha kata, alama za vidole, cheti cha daktari kwamba akili yangu ni nzima. Jumatatu polisi walikuja kukagua chumba cha nyuma. Ukuta wa zege, mlango wa chuma wa kufuli mbili, sanduku la chuma limefungwa kwa boliti sakafuni. Yule afande aliupiga mlango mateke matatu ya nguvu, akatega sikio, akasema, "Hapa sawa." Nilifurahi kama mtoto wa darasa la saba aliyefaulu.

Yakabaki mahojiano ya leo mbele ya kamati ya usalama ya wilaya, na wadhamini wawili.

Hapa kwenye wadhamini ndipo nilipojiona mjanja. Nikachagua mkulima mmoja na mfugaji mmoja, ili asije mtu akasema risasi zangu zina upande. Kilosa hii kila mtu anajua kwa nini hilo ni jambo la kufikiria.

Mkulima ni Baba mdogo Kibwana wa Chanzuru, mdogo wake marehemu baba. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa. Kiangazi kilichopita ng'ombe waliingia kwenye mahindi yake, akasimama mbele yao na jembe, akapigwa fimbo ya bega. Mpaka leo mkono ule haupandi juu ya kifua.

Mfugaji ni Mzee Masanja wa Msowero, Msukuma, alihamia na ng'ombe wake zamani nikiwa bado sekondari. Dawa za kuogeshea mifugo anachukua kwangu mnadani miaka yote. Kiangazi hichohicho mtu alilikata mapanga dume lake la kulimia, miguu ya nyuma, ikabidi alimalize yeye mwenyewe. Waliompiga Baba mdogo hawakuwa watu wa Masanja, na aliyelikata dume hakutoka Chanzuru. Lakini nenda kamwambie hivyo mwenye bega, au mwenye dume.

Sasa nakiri, maana nisipokiri hapa sijui nitakiri wapi.

Siku niliyompelekea Baba mdogo fomu, aliishika kalamu, akasita. Akasema, "Ila mwanangu, hawa watu wa ng'ombe usije ukawauzia. Hata mmoja." Nikasema, "Sawa, baba." Akasaini.

Wiki iliyofuata nikaenda Msowero. Mzee Masanja alinipa kata ya maziwa mgando, akasoma fomu mstari kwa mstari, kisha akasema, "Wakulima wakija kwako na hasira zao, waambie risasi zimeisha." Nikasema, "Sawa, baba. Nimekusikia." Naye akasaini.

Ndivyo nilivyolelewa. Mkubwa akisema, unaitikia. Unapokea kwa mikono miwili, unaitikia, halafu ukitoka unafanya linalowezekana. Nani asiyefanya hivyo? Ukimbishia mzee usoni, tena nyumbani kwake, tena umekwenda kuomba sahihi, utaambiwa huna malezi. Kwa hiyo nilijiambia huo si uongo, ni heshima tu. Na kimoyomoyo nilijiambia jambo jingine: mmoja yuko Chanzuru na mwingine Msowero, wataonana wapi?

Kumbe wadhamini nao huitwa. Wameonana leo saa tatu asubuhi, kwenye benchi moja, nje ya mlango mmoja.

Niliwasalimia kwa pamoja. "Shikamooni." "Marahaba," wakajibu pamoja, na nikadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho leo kukubaliana. Baba mdogo alikuwa ameweka mwavuli wake katikati ya benchi. Mzee Masanja kalaza fimbo yake magotini, anatazama ukuta. Mimi nikasimama na faili langu kifuani, nikiomba Mungu watuite mmoja mmoja.

Wakatuita wote watatu.

Wanakamati walikuwa watano mezani. Aliyeniuliza zaidi ni mama mmoja wa makamo, miwani puani, sauti ya taratibu isiyo na papara. Funguo zitakaa kwa nani? Daftari la wanunuzi litaandikwa nini? Mtu akija na kibali kilichopita muda? Nilijibu moja baada ya jingine. Nilikuwa nimekariri kwa sauti mpaka mume wangu naye alianza kunisahihisha. Nikaanza kuona mwanga.

Ndipo akamgeukia Baba mdogo. "Mzee, wewe unamdhamini huyu. Una uhakika gani kwamba duka lake halitaleta balaa huko vijijini?"

Masikini Baba mdogo. Alikaa sawa, akainua kidevu, na alinijivunia, niliona kabisa kwamba ananijivunia. "Huyu hana shida," akasema. "Mimi ndiye niliyemlea. Ameniahidi mfugaji hatapata risasi kwake. Hata mmoja."

Nilitamani sakafu ipasuke.

Mzee Masanja hakugombana, na ingekuwa afadhali angegombana. Alinigeukia polepole. "Mwanangu," akasema, "na mimi uliniambia nini?"

Yule mama akavua miwani. "Tusaidie, mama. Mzee huyu anasema ulimwahidi. Na huyu naye anaonekana ana ahadi yake. Uliahidi nini?"

Hapa ndipo ningeweza kujiokoa. Ningesema nilikosea, nimewapotosha wazee wangu, naomba radhi. Maneno hayo ninayo sasa, yamejipanga vizuri, saa nane zikiwa zimeshapita. Pale yaliyotoka yalikuwa haya: "Sikuahidi. Niliitikia tu."

"Uliitikia tu," Baba mdogo akarudia. Hakuniuliza. Alilirudia kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia vizuri, kisha akauangalia mkono wake mbovu pajani. Aibu niliyoiona pale, sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Mtu amekuja kutoka Chanzuru na shati lake la Ijumaa kunisemea mema mbele ya wakubwa, nami nimemfanya aonekane mchochezi.

Mzee Masanja akainuka. Akaomba, kwa adabu, jina lake litolewe kwenye fomu. Baba mdogo akasema na lake pia.

Yule mama hakunifokea. Aliandika kitu, akaniangalia, akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote niliyosoma. "Mama, wewe unaweza kumwambia mtu hapana?"

Nikasema, "Ndiyo, mheshimiwa."

Mjumbe mmoja pembeni akashindwa kujizuia, akacheka. Nami nikajisikia nimejibu upesi mno, kichwa nimekiinamisha, mikono nimeishika mbele, vilevile nilivyomjibu Baba mdogo na vilevile nilivyomjibu Masanja. Ningekuwa upande wao wa meza, mimi mwenyewe nisingejipa hata leseni ya genge la nyanya.

Wakaniambia faili linabaki mezani mpaka Jumatatu. Nilete wadhamini wawili, wawe hawa au wengine, ila wawe watu wanaojua wanachosaini.

Nje Baba mdogo alikuwa ameshapanda bodaboda. "Baba, safari njema," nikamwambia. Alimgusa dereva begani kwa mkono wake mzima, wakaondoka. Miaka yote niliyoishi naye hajawahi kuniacha bila kuniitikia, hata siku nilizokuwa namuudhi makusudi.

Mzee Masanja alikuwa amejikinga mvua barazani. Nilimwendea nikiwa tayari kwa matusi. Akajifunga vizuri mgolole wake mabegani, akasema tu, "Ungenikatalia siku ile, ningekasirika. Ningemaliza maziwa yangu, halafu ningesaini." Akaingia mvuani.

Nimelia garini kuanzia Kilosa mpaka kijiji cha Ulaya, najua abiria mwenzangu alidhani nimefiwa.

Sasa niko hapa, na chumba changu cha zege kiko nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze haya mambo naogopa. Siogopi kunyimwa. Naogopa kupewa. Nilijiandaa kwa mwizi: zege, kufuli mbili, boliti. Mwizi hanipi shida. Lakini siku itakuja, na kwa Kilosa hii najua itakuja, mtu ninayemfahamu atasimama hapa kaunta, amezeeka kuliko mimi, kibali chake ni halali kabisa, na ukimwangalia machoni unaona ametoka kupigwa au ng'ombe wake wametoka kukatwa. Ataniita mwanangu. Atataka risasi sasa hivi. Sheria haitanilazimisha kumuuzia mtu ninayeona anakwenda kuua. Kitakachohitajika ni mimi kufungua mdomo. Nikishindwa kuwakatalia wazee wawili waliokaa kitako, wametulia, wananipenda, huyo nitamwambia nini? Sawa, baba?

Ningeweza kutafuta wadhamini wengine. Wapo. Mume wangu atanitajia wanne kabla hajavua viatu. Lakini hilo lingekuwa ni kukwepa kwa adabu, kazi ninayoijua kuliko zote.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho nakwenda Chanzuru, nimuwahi Baba mdogo kabla hajaenda shamba. Sitampelekea fomu. Nitamwomba radhi kwa aibu niliyomtia, halafu nitamwambia usoni: mfugaji mwenye kibali nitamuuzia, mkulima mwenye kibali nitamuuzia, na atakayekuja na hasira simuuzii, hata akiwa na kibali, hata akiwa ni wewe. Akinifukuza, anifukuze. Jumamosi nitayasema hayohayo Msowero. Na kama maneno hayatatoka, Jumatatu nitakwenda Kilosa kuchukua faili langu mwenyewe, na chumba cha nyuma tutawekea mbolea.

Nimejaribu kuyasema hayo ya kukataa tu, hapa dukani, kwa sauti, naangalia magunia. Mara nne. Mara zote nne nimeanza na, "Samahani, baba."