Toka Utembee Kidogo, Dada

3 Machi

Dada yangu mpenzi,

Hujambo? Mama anaendeleaje? Na miguu yako, bado inavimba? Sisi huku wazima, tena wazima kupita kiasi!

Dada, ndoa tamu! Kila asubuhi mume wangu, kinyozi wangu, ananiwekea kiti dirishani, ananiambia, "Kunywa chai umekaa, bibie, dunia haihami." Nakaa natazama watu wanavyokimbilia kazini, najisikia malkia. Jioni tunatembea hadi mwisho wa mtaa bila shughuli yoyote. Ananishika kidole kimoja tu, eti vingine anavitunza kwa kesho. Usicheke!

Sasa nakuwaza wewe. Unashona sare za shule kutwa, unakula umesimama, maji hunywi ili usiinuke kwenye cherehani. Ukianguka wewe, nani atamwangalia Mama? Nakuomba, kunywa maji. Kaa ule. Na jioni mojamoja toka utembee kidogo, jirani akae naye. Niahidi.

Mdogo wako mwenye raha zake

19 Machi

Bibi harusi wetu,

Salamu zimefika, na mbwembwe zake zote. Mwambie shemeji vidole vyote ni vyako, asikubanie.

Mimi sijambo. Mama yuko vilevile, sauti haijarudi. Akinihitaji anagonga kikombe kwa kijiko: mara moja anataka maji, mara mbili nimgeuze. Akigonga mfululizo, naacha kila kitu nakimbia. Hata cherehani naikanyaga huku sikio liko kwake.

Lakini jana nilikula nimekaa. Kumbe chakula changu kina ladha! Mama akanitazama, akatabasamu kwa ule upande wake unaotabasamu.

Basi, umeshinda. Jumamosi jirani atakuja, nami nitatoka.

Dada yako mkaidi

21 Aprili

Dada yangu,

Hali yako? Unalala? Sisi tupo tu.

Tangu tumzike Mama hujaniandikia hata mstari. Siku ile ulinipa mkono kama unampa mgeni, kisha ukaenda kukaa na waombolezaji wengine. Nimekukosea nini? Ni kwa sababu mimi ndiye niliyekwambia utoke? Jirani aliniambia Mama aliondoka kwa amani, redio ikiimba. Mimi hilo linanifariji. Wewe halikufariji?

Kinyozi wangu bado ananiwekea kiti dirishani. Nakaa, chai inapoa. Kula, dada yangu. Oga. Lala mchana hata kidogo.

Mdogo wako

16 Mei

Dada,

U mzima? Nijibu hata kwa kunitukana.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Afya yangu usiniulize. Nakuombea wewe na shemeji muwe wazima.

Sikukukasirikia. Niliogopa kwamba ningekutazama usoni haya yote yangenitoka mbele za watu.

Jumamosi ile nilifika hadi kwenye duka la viatu. Nilifurahi, mdogo wangu, na hilo ndilo linaloniua. Nilisimama natazama viatu vyekundu, nacheka peke yangu kwa kufikiria miguu hii yangu ndani yake, na kumbe huku Mama anagonga. Anagonga mfululizo. Jirani, maskini, akadhani anafuatisha muziki. Akaongeza sauti ya redio, akampigia makofi. Nilikuwa nimemweleza habari ya dawa, ya maji, ya mto wa mgongoni. Ya kikombe nilisahau. Kwetu sisi wawili kile kilikuwa ndiyo mazungumzo, na nani humweleza mgeni kwamba mtu anaongea?

Nilipoingia, jirani aliweka kidole mdomoni. "Amecheza mpaka amechoka," akaninong'oneza. "Amelala."

Yeye hajui, na sitamwambia. Alitutakia heri tu, kwa nini nimvunje moyo? Wewe nakwambia kwa sababu peke yangu siwezi.

Umeniandikia nile, nioge, nilale. Nakula nikikumbuka. Jana nilijikaza nikatoka, lakini sikufika hata kwenye kona, nikarudi mbio. Mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba sina ninayemkimbilia. Nikakaa pale chini nikalia hadi watoto wa jirani wakaacha kucheza.

Kichwa changu sijakigusa tangu mazishi. Nikishika kitana, mkono haupandi. Basi usinifundishe tena, mdogo wangu. Njoo unioshe nywele. Shemeji naye aje, ila atusubiri nje mpaka nimalize kulia.

Dada yako