Bega la Aniello

Jumatatu, 2 Mei 1763
Picha imekwisha. Pwani ya Mergellina: mlima Vesuvio nyuma, mashua, wavuvi na wavu wao, mmoja kalala mchangani. Duke wa Roccascura anakuja Ijumaa kuitazama. Akiipenda, mimi ni mchoraji wa nyumba yake. Sitawachorea tena Waingereza wa kupita, pua nyekundu, wanaotaka mlima uteme moto hata siku umetulia!

Jumanne, 3 Mei
Nunziata kaleta dagaa. Muuza samaki, mdomo kama tarumbeta. Kaingia na kapu lake bila kukaribishwa, kasimama mbele ya picha. Kacheka!
Eti, “Don Saverio, moshi wa mlima unakwenda kule, tanga limevimba huku. Ni upepo gani huo?”
Kisha kamnyooshea kidole mvuta wavu. Eti kaka yake, Aniello, akivuta kwa mikono mitupu vile, jioni hana vidole. Kamba hupita begani. Na yule aliyelala wenzake wakivuta? “Huyo angekula kasia la mgongo!”
Nimemfukuza. Hajui hata kuandika jina lake, ananuka magamba, anifundishe mimi bahari!

Jumatano, 4 Mei
Sikulala vizuri. Dagaa walikuwa watamu, kwa bahati mbaya.
Nimetazama moshi dirishani. Mjinga yule kasema kweli.

Alhamisi, 5 Mei
Nimeshuka pwani. Mara ya mwisho kukanyaga mchanga ule mke wangu alikuwa hai — miaka tisa! Miaka tisa nachora bahari kutoka ghorofa ya nne, kwa kunakili madaftari ya ujana, na hakuna aliyegundua. Hilo ndilo linalonichoma. Wanunuzi wote wale, macho kama ya samaki wa juzi.
Wanaume sita, kamba begani, wanarudi kinyumenyume, visigino vinachimba. Aniello bega lake lote ni kovu, jeusi, gumu kama tandiko la punda. Mimi nimechora mabega mia, yote laini kama ya malaika wa kanisani. Mchoraji gani huyo?
Nunziata kaniona. “Umepotea njia, mzee wangu?”
Nimerudi mbio. Nimegeuza tanga. Nimemfuta aliyelala. Nimemweka Aniello na kovu lake.
Nikamwita Nunziata aje aone. Kasogea karibu, pua nusura iguse rangi. Kisha: “Ni Aniello huyu.” Kafuta jicho kwa ncha ya aproni. Nikamwambia atoke, magamba yanadondoka sakafuni.

Ijumaa, 6 Mei
Duke kaja, hariri mpaka kwenye visigino, kijibwa kwapani. Tanga hakulitazama. Wala hakuulizia upepo.
“Maestro, maskini wangu aliyelala yuko wapi?” Aliiona picha mwezi uliopita, haijakwisha, kumbe alimpenda huyo tu! Na huyu mwenye bega bovu anaudhi, picha itatundikwa chumba cha kulia, wageni watakuwa mezani. “Watu wetu wa pwani wana raha zao, wanaota jua. Nirudishie.”
Sijawahi kumdharau mtu kiasi kile. Boga lililopakwa poda!
Kisha nikasikia sauti, “Kama upendavyo, Mheshimiwa.” Ilikuwa yangu.

Jumamosi, 7 Mei. Pwani
Mkono unakataa kumbuni mtu wa kulala. Basi nimekuja na karatasi. Wavu umeshavutwa, samaki wamo kapuni. Nimemwomba Aniello alale mchangani, nusu saa tu, mkono chini ya kichwa.
Kafurahi, dada yake kamwambia yumo pichani. “Bega bado hujalimaliza?”
Nikasema limekwisha.
“Sasa nilale kwa nini?”
Nikasema ni mambo ya mwanga. Uongo wa kitoto! Kaniamini. Kaosha uso baharini, kachana nywele kwa vidole, katandika shati lake — anataka apendeze.
Nunziata katua kapu. Hanitazami mimi, anatazama karatasi; hajamsahau yule aliyelala pichani.
“Usilale, Aniello.”
Aniello kapiga goti moja. Anacheka, hajui amsikilize nani. Ananiangalia mimi, anangoja nimwambie. Nami nimeinamia daftari hili, najifanya nachora —